Sura ya Nne: Taahira na Ndugu Zake

"Mwanangu ametimiza miaka miwili na bado hasemi. Majirani wanasema ni taahira. Ni kweli?"

Swali hili utalisikia kliniki siku ya mizani, utalisikia kwenye vipindi vya redio vya afya ya mtoto, na utalisikia likinong'onwa jikoni wakati wa shughuli. Anayeuliza huwa amekwisha kupewa majibu mengi asiyoyaomba. Bibi amemwambia baba mtu naye alichelewa kusema. Shangazi amesema ni ulimi mzito. Mpita njia amemwita mtoto zuzu. Katikati ya majibu hayo limesimama neno moja, taahira, nalo ndilo linalomkosesha mama usingizi.

Tutaanza na neno lenyewe na ndugu zake wa Kiswahili. Kisha tutayatazama maneno ya aina hiyo yaliyotumika Ulaya na Marekani, kwa sababu yalileta maafa ambayo bado yanatuhusu. Baada ya hapo tutamrudia mtoto na maswali matatu: ni nini hasa kilichochelewa, kwa kiasi gani, na nani amekichelewesha? Hilo la mwisho husahaulika sana, nami naliona kuwa zito kuliko mengine.

Neno la ukawiaji

Taahira lina asili ya Kiarabu. Mzizi wake una konsonanti tatu, hamza, kha na ra, na maana yake ya msingi ni kuwa nyuma au kuwa mwisho. Mzizi huohuo umetupatia akhera, yaani maisha ya mwisho yanayofuata haya. Umetupatia aheri zamani, kama wanavyosema wazee wa pwani wanapozungumzia nyakati za mwisho. Umetupatia pia ahirisha, kitenzi anachokijua kila aliyewahi kuwa na kesi: hakimu hufungua jalada, huambiwa shahidi hakufika, na kesi huahirishwa hadi tarehe nyingine. Waarabu huita tendo la kuchelewesha jambo ta'khir, na kutoka huko Kiswahili kikapata taahari, kukawia, na taahira, ukawiaji. Mtu aliweza kutaahari safarini bila yeyote kuzitilia shaka akili zake.

Kisha neno likapelekwa kwenye akili. Aliyekua mwili huku ufahamu wake ukibaki nyuma akaitwa mwenye akili taahira, na kwa kufupisha, taahira. Kamusi za leo hulieleza hivyo: mtu mwenye upungufu wa akili. Neno lililohusu muda limekuwa jina la mtu, na kwa kugeuka hivyo limepoteza kitu muhimu. Kesi ikiahirishwa, kila aliyemo mahakamani huuliza itasikilizwa lini. Mtoto akishaitwa taahira, hakuna anayeuliza lini.

Majirani wa neno hili nao wana asili zao. Punguani limetokana na pungua, yaani ni mtu aliyepungukiwa. Juha ni jina la mhusika mashuhuri wa hadithi za Kiarabu, yule anayefanya vituko vya kipumbavu ambavyo mara nyingi vina hekima ndani yake. Mjinga lina historia chungu zaidi. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 lilitumika kwa mgeni ambaye hajazijua lugha na desturi za mji, hasa mtumwa aliyetoka kuletwa kutoka bara. Ujinga wake ulikuwa ugeni tu, hali ambayo muda na mafunzo viliweza kuiondoa. Ndiyo maana neno hilo liliweza baadaye kuingia katika kampeni za kisomo za Tanzania, watu wazima wakaenda darasani kufuta ujinga na wakatoka wanasoma magazeti. Ujinga unafutika. Taahira hatujampa kifutio.

Alfajiri inapokukuta

Kabla ya neno hilo kuja kutoka Uarabuni, na pembeni yake mpaka leo, Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya mwendo mdogo. Hayafanani hata kidogo.

Chukua chelewa. Neno hili linatokana na kucha, yaani jua kuchomoza, ndilo tunalolisikia katika kumekucha, usiku kucha na macheo. Kuchelewa, kwa asili yake, ni kukutwa na mapambazuko kabla hujafanya lililopaswa kufanywa usiku. Mvuvi aliyetaka kuwahi maji, msafiri aliyetaka kuondoka kabla ya jua kali, wote wanafumbua macho na kuona kumekwisha kupambazuka. Neno halimtuhumu kwa uvivu wala upumbavu. Linasema mwanga umemtangulia, basi.

Polepole linatoka upande mwingine kabisa. Ndani yake mna pole, ileile tunayompa mfiwa na mgonjwa, na ileile iliyomo katika mpole. Ni mwendo wa mtu asiyetaka kuumiza wala kuumia. Taratibu ni tartib ya Kiarabu, yaani mpangilio, kitu kufuata kingine, na kwa hiyo anayekwenda taratibu anakwenda kwa mpango. Asteaste limekuja kwa njia ya bahari, na asili yake ni Kiajemi. Maneno haya yote yana sifa njema. Wazee walisema mwenda pole hajikwai, wakasema kawia ufike.

Ila hawakusifu kila ukawiaji. Walisema pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tena wana maneno ya mwendo unaokwenda kwa shida: kusuasua, kulegalega, na kujikongoja, lenye undugu na mkongojo, fimbo anayoiegemea mzee au mgonjwa. Anayejikongoja anakwenda, na neno lenyewe linakuambia kwamba anahitaji kitu cha kushikilia.

Kuna kundi la mwisho, la ukuaji. Kudumaa ni kubaki mdogo wakati wenzako wanakua. Kuvia ni kushindwa kukomaa, na kuviza ni kukifanya kitu kivie. Yai viza ni lile lililoatamiwa likaharibika bila kutoa kifaranga. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia huitwa njiti, na hilo ni jina la muda tu, maana njiti akitunzwa huacha kuwa njiti.

Kwa ufupi, lugha yetu inatenganisha mambo manne ambayo neno taahira limeyafunika:

- aliyechagua kwenda kwa utulivu
- aliyepitwa na wakati
- anayekwenda kwa shida na anahitaji msaada
- aliyezuiwa kukua

Mtoto asiyesema akiwa na miaka miwili anaweza kuwa katika lolote kati ya hayo matatu ya mwisho, na kila moja lina dawa yake.

Vyeo vya kitabibu vilivyogeuka matusi

Msomaji anaweza kudhani kwamba wenzetu wenye hospitali kubwa walipata maneno bora mapema. Hawakupata. Waliyafanya matusi kuwa vyeo rasmi, na vyeo vikarudi kuwa matusi.

Neno "idiot" lilianzia Ugiriki ya kale, likimaanisha raia wa kawaida asiyeshika wadhifa wa umma. "Imbecile" lilitoka katika Kilatini likiwa na maana ya dhaifu. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga mtihani wa kupima uwezo wa watoto shuleni. Nia ya Binet ilikuwa njema: awatambue watoto waliohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Alipinga wazi wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Lakini mtihani ulipovuka bahari, nia yake haikuvuka nao. Henry Goddard, mwanasaikolojia wa Vineland huko New Jersey, aliutumia kuwapanga watu katika madaraja. Mwaka 1910 alibuni neno jipya, "moron", kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mpumbavu, akawapa wale wa daraja la juu miongoni mwa waliohesabiwa kuwa pungufu. Chini yao alikuwapo "imbecile", na chini kabisa "idiot". Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 1913 iliyotumia madaraja ya jinsi hiyo, na lugha hiyo iliingia mpaka katika kanuni za adhabu ambazo wakoloni walizileta Afrika Mashariki.

Haya hayakuishia kwenye karatasi. Katika majimbo mengi ya Marekani, watu waliopewa vyeo hivyo walifungwa kizazi kwa amri ya serikali, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba ni halali. Ujerumani ya Hitler ilipitisha sheria yake Julai 1933. Sababu ya kwanza iliyotajwa katika orodha yake ilikuwa udhaifu wa akili wa kuzaliwa nao, na takriban watu 400,000 walifungwa kizazi chini ya sheria hiyo. Kuanzia 1939 wenye ulemavu wa akili waliuawa kwa makundi katika vituo vilivyoitwa vya matibabu. Wengi wa waliouawa walikuwa kwanza wameandikiwa neno kwenye fomu.

Baada ya vita madaktari wa Marekani walitafuta neno lisilo na damu, wakalikuta katika Kilatini: "tardus", maana yake enye kukawia. Kutoka hapo likaja "retarded", aliyecheleweshwa. Wazo lake ni lilelile lililomo katika taahira, na kwa wakati wake lilikuwa neno la huruma, kwa sababu lilidokeza kwamba mtu yumo njiani. Haikupita miaka mingi watoto wakaanza kutupiana neno hilo uwanjani wakati wa kucheza. Familia ya binti mmoja wa Maryland mwenye hali ya Down ilidai liondolewe katika sheria, na tarehe 5 Oktoba 2010 Rais Barack Obama akatia saini Sheria ya Rosa, iliyopewa jina la binti huyo. Tangu hapo sheria kadhaa za serikali kuu ya Marekani zikasema ulemavu wa akili. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo imeliacha neno hilo la zamani.

Hali ya Down yenyewe ilipita njia hiyo. John Langdon Down alipoieleza mwaka 1866 aliwafananisha watoto hao na watu wa Mongolia kwa sababu ya umbo la macho, na kwa karibu miaka 100 wakaitwa kwa jina la taifa lisilowahusu. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha kwamba wana kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya chembe za mwili zinazobeba maelekezo ya urithi. Miaka michache baadaye Mongolia ililalamika mbele ya Shirika la Afya Duniani, na jina hilo likaachwa.

Kwa hiyo tukibadilisha neno bila kubadilisha tunavyomtendea mtu, neno jipya litachafuka kama la zamani. Sisemi kwamba kubadilisha maneno ni kazi bure, maana mtoto anayeitwa kwa heshima leo amepata heshima leo. Ninasema kazi haiishii hapo.

Kisiwa cha Idjwi na chumvi

Kuna neno jingine la Ulaya ambalo ningependa kila mwalimu wa afya alijue. Ni "crétin". Lilitoka katika lahaja za milima ya Alps, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba asili yake ni neno la Mkristo. Wanakijiji waliwaita hivyo ndugu zao waliokuwa wafupi sana, viziwi na wenye akili iliyobaki nyuma, wakiwa na maana kwamba hawa nao ni binadamu, si wanyama. Neno la huruma tena, na tena likawa tusi.

Ila ugonjwa wenyewe ulikuwa na chanzo. Udongo wa milimani hauna iodini ya kutosha, madini ambayo kwetu huitwa madini joto. Tezi iliyo mbele ya shingo huyahitaji ili kutengeneza kemikali inayojenga ubongo wa mtoto tumboni. Yakikosekana, mama huota rovu na mtoto huzaliwa ameshavia. Uswisi ilianza kuuza chumvi yenye madini joto mwaka 1922, na hali ile iliyokuwa ya kawaida vijijini ikatoweka.

Karibu nasi zaidi, katikati ya Ziwa Kivu, kipo kisiwa cha Idjwi nchini Kongo. Miaka ya 1960 na 1970 watafiti kutoka Ubelgiji walikuta huko watu wengi wenye rovu na watoto wengi walioathirika namna hiyo. Waligundua pia kwamba muhogo ulichangia. Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua madini joto. Penye madini kidogo na muhogo mwingi, mtoto hupigwa mara mbili.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini hayo kwa siku, na mjamzito 250. Kwa maisha yote ya mtu hazijazi zaidi ya kijiko cha chai. Watoto wale wa Alps na wa Idjwi walikosa kitu kidogo hivyo, wakapewa jina kwa maisha yao yote. Nikilifikiria hilo napata hasira, na sioni sababu ya kuificha. Tafadhali, mama na baba, nunueni chumvi yenye madini joto, ifunikeni isipigwe na jua wala unyevu, na muiweke chunguni karibu na mwisho wa mapishi.

Kudumaa na kudumazwa

Hapa sarufi yetu inatusaidia. Kila kitenzi cha kukawia kina mwenzake anayemtaja mtendaji. Mtoto amechelewa, au amecheleweshwa. Amedumaa, au amedumazwa. Amevia, au amevizwa. Tumezoea kutumia namna ya kwanza, kana kwamba mambo yametokea yenyewe.

Udumavu, kwa lugha ya kliniki, ni mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake akilinganishwa na vipimo vya kimataifa. Muuguzi humlaza mtoto wa chini ya miaka miwili juu ya kibao, mtu mmoja akashika kichwa na mwingine akanyoosha magoti, kisha wakasoma urefu. Kwa macho tu si rahisi kuugundua, kwa sababu penye watoto wengi waliodumaa kila mmoja huonekana wa kawaida. Ufupi peke yake si tatizo. Tatizo ni kwamba kilichozuia mifupa kukua mara nyingi kimezuia na ubongo, hasa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 18. Mkoa wa Iringa, unaolima mahindi mpaka yakavuka mipaka, ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Ghala limejaa, mtoto anakula ugali asubuhi, mchana na jioni, mama yuko shambani tangu alfajiri, maharage na mayai yanapelekwa sokoni, na kuhara kunarudi kila mvua zikianza. Mtoto huyo hakudumaa. Amedumazwa, na orodha ya waliomdumaza ina majina mengi, kuanzia kikombe cha maji machafu hadi bei anayolipwa mkulima.

Wakunga nao wana somo la ukawiaji. Wanafundishwa kwamba mama na mtoto hupotea kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ukiongea na mama wa mtoto mwenye kifafa au asiyeweza kukaa, mara nyingi utasikia sentensi moja: "Alipozaliwa hakulia." Ubongo ulikosa hewa wakati watu wazima wakitafuta usafiri. Baadaye mtoto anaitwa taahira, neno la ukawiaji, ilhali waliokawia walikuwa wengine. Homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani na kuleta degedege, na manjano makali ya siku za mwanzo visipowahiwa hufanya hivyohivyo.

Hoja hii imewahi kusemwa kuhusu mataifa pia. Walter Rodney, akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1972 kitabu kilichodai kwamba Afrika haikuwa nyuma kwa hulka yake, bali Ulaya iliirudisha nyuma. Unaweza kubishana naye kwa mengi. Lakini alilazimisha watu wamtafute mtendaji wa kitenzi.

Mtoto amechelewa kwa kiasi gani?

Watu wengi hudhani kila hatua ina mwezi wake maalumu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo. Tofauti kati ya mtoto na mtoto zilikuwa kubwa:

- kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 4 hivi na 9
- kutambaa kwa mikono na magoti: kati ya miezi 5 na 13 na nusu
- kusimama dede bila kushika kitu: kati ya miezi 7 hivi na 17
- kutembea peke yake: kati ya miezi 8 na karibu 18

Baadhi yao hawakutambaa kabisa, walisimama wakatembea. Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 asiyetembea bado hajachelewa, hata kama binamu yake alitembea akiwa na miezi 9. Kwa njiti, hesabu umri tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi 10, mpime kama wa miezi 8.

Kusema kuna kalenda yake. Wengi hutoa neno la kwanza lenye maana karibu na mwaka mmoja, na wakifika miaka miwili huunganisha mawili: "mama maji", "baba njoo". Asiyefanya hivyo apelekwe akapimwe, na kipimo cha kwanza kiwe cha masikio. Watoto wengi viziwi wameitwa taahira kwa sababu tu hawakusikia walipoitwa. Nyumba yenye lugha mbili, Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha mama, haimfanyi mtoto kuwa bubu. Hesabu maneno yake ya lugha zote mbili pamoja.

Usisubiri hata wiki moja ukiona haya:

- mtoto alikuwa na maneno au hatua, kisha akazipoteza
- hageuki wala kushtuka kwa sauti
- hakutazami usoni na hatabasamu anapotabasamiwa, na ameshapita miezi mitatu
- mwili umelegea sana au umekakamaa, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka

Subira ina heri, lakini subira ya hapa ni ya baada ya vipimo.

Tuseme vipi?

Kiswahili kimekuwa kikijisahihisha. Zamani tulisema kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, majina yaliyoingia katika ngeli ya vitu. Likaja mlemavu, likamrudisha mtu katika ngeli ya watu. Sasa tunasema mtu mwenye ulemavu, na mtu ametangulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 54, imekwenda mbali zaidi: imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kumwita mtoto taahira nchini humo ni kinyume cha katiba.

Jambo moja bado linahitaji uangalifu. Mtindio wa ubongo hutumika kwa mambo mawili tofauti. Madaktari wengi hulitumia kwa mtoto ambaye ubongo wake ulidhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, akapata shida ya kutembea na kushika vitu. Mitaani hutumika kwa yeyote mwenye ulemavu wa akili. Matokeo yake, mtoto ambaye miguu ndiyo haimtii, na akili yake ni timamu, hunyimwa shule. Wapo wengi wa namna hiyo, wamekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, wanasikia na kuelewa kila kinachosemwa juu yao.

Ushauri wangu ni kutumia kitenzi badala ya jina. Mwalimu anayeandika kwenye ripoti "ni mzito" hajamwambia mzazi chochote. Aandike: "Anazitambua silabi, hajaanza kuziunganisha, anahitaji kukaa mbele na kusomewa kila siku." Muuguzi aandike: "Hajatamka maneno mawili pamoja, masikio yapimwe." Maneno hayo yana kazi ya kufanya kesho asubuhi. Na pale ambapo vipimo vimeonyesha kwamba ulemavu wa akili upo na utadumu, tuseme hivyo kwa ukweli na upole, kisha tuseme anachoweza: kuoga mwenyewe, kuhesabu chenji, kufuga kuku, kusali na wenzake.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza: mtoto wa miaka miwili asiyesema amechelewa kusema, na hilo ndilo tu linalojulikana mpaka sasa. Hakuna jirani anayeweza kuujua ubongo wake kwa kuusikiliza ukimya wake. Chukua kadi yake ya kliniki, nenda wiki hii, omba masikio yapimwe, eleza alivyozaliwa na kama alilia, na usikubali kuondoka bila kuambiwa hatua inayofuata ni ipi na tarehe gani.